Kilomita nane kila asubuhi, na bado mbwa anawadonoa watoto visigino

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mwezi na nusu uliopita tulirithi mbwa wa kuchunga kondoo, aina ya border koli, kutoka kwa familia ya wageni waliorudi kwao. Ni dume, amehasiwa, ana mwaka mmoja na miezi minane, uzito kilo 18. Anaitwa Jeki. Tunaishi Usa River, Arusha. Uwanja wetu ni kama robo eka, una uzio wa wavu na geti la nondo linalotazama barabara.

Tuliambiwa mapema kwamba mbwa hawa wana nguvu nyingi, basi hatukufanya mchezo. Kila asubuhi baba watoto hukimbia naye kilomita nane, na jioni kijana wa nyumbani humrushia mpira saa nzima. Cha ajabu, kadiri siku zinavyokwenda ndivyo anavyozidi. Watoto wangu, wa miaka 6 na 9, wakikimbia uani anawazunguka, anainama, kisha anawadonoa visigino. Wiki iliyopita mdogo alichubuka. Bodaboda ikipita anakimbizana nayo kwa ndani ya uzio mpaka kona, hata nyasi zimekwisha pale. Umeme ukikatika na watoto wakimulika tochi ukutani, anaufukuza mwanga, na ukizimwa anabaki kukodolea ukuta. Juzi alitoroka akawasambaratisha mbuzi wa jirani, ikabidi tuombe radhi. Sisi wenyewe tuna mbuzi wanne, nikawaza: si ndiyo kazi yake? Tumwachie awachunge?

Jirani anasema tumfunge mnyororo mchana na kumfungulia usiku kama mbwa wengine. Muuza duka la dawa za mifugo anasema huko kuzunguka ni minyoo na kupe, tumchome ivermectin ileile ya ng'ombe, mililita moja. Baba watoto anataka kuongeza kilomita. Chanjo ya kichaa cha mbwa anayo na kadi haijaisha muda. Nimsikilize nani?

Mama Baraka, Usa River

JIBU

Mama Baraka, katika hao watatu usimsikilize hata mmoja. Tuanze na wa sindano, maana huyo anaweza kukuulia mbwa wiki hii hii.

Ivermectin ya ng'ombe inayouzwa madukani kwa kawaida ni ya asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Ukimchoma mbwa wa kilo 18 mililita nzima, umempa zaidi ya nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili. Katika ukoo wa koli kuna hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, ambayo huondoa kizuizi kinachozuia dawa hii isiingie kwenye ubongo. Mbwa aliyeirithi anaweza kuugua hata kwa miligramu 0.1 kwa kilo: anapepesuka, anatokwa na mate, macho hayaoni, anatetemeka, anaweza kuzimia asiamke. Kwa koli wakubwa wenye manyoya marefu hitilafu hii imeenea sana. Kwa border koli ni nadra, lakini kwa kumtazama tu huwezi kujua kama anayo. Dawa ya kupe mwombe daktari wa mifugo: vidonge vya kutafuna vya mbwa, au matone ya fipronil ya kudondoshea shingoni, kwa kipimo cha uzito wake. Na mtajie MDR1 kabla hajafungua chupa yoyote.

Jambo la pili la haraka ni yule mtoto. Mchubuko wa jino la mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto anapelekwa kituo cha afya pamoja na kadi ya chanjo ya mbwa. Kama hamkwenda, nendeni sasa, hata kama ngozi imeshafunga. Mganga ndiye wa kuamua kama mtoto anahitaji chanjo.

Sasa baba watoto. Nia yake ni njema, ila anajenga mwanariadha. Mwezi ukiisha moyo na mapafu ya Jeki vimeshazoea kilomita nane. Atataka kumi, kisha kumi na mbili, na binadamu ndiye atakayeshindwa kwanza. Mpira wa jioni ni mbaya zaidi. Kukimbilia kitu chenye kasi, tena na tena kwa saa nzima, kunampandisha mori, na mori huo haushuki eti kwa sababu mpira umerudishwa kabatini. Anaingia nao uani, anakutana na visigino. Tena wako border koli ambao huishiwa nguvu ghafla, miguu ya nyuma ikiyumba, dakika tano hadi kumi na tano tu baada ya kuanza mchezo wa namna hiyo, hasa wakati wa joto. Mpira ufichwe kwa mwezi mzima. Mbio zipunguzwe ziwe mara mbili kwa wiki, kilomita tatu au nne, kabla ya saa moja na nusu asubuhi.

Anachokosa Jeki ni usingizi, na mtu wa kumwambia kazi imekwisha. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Hesabu saa anazolala wa kwako kwa siku mbili, kulala kweli, siyo kujinyoosha huku jicho liko getini. Mbwa aliyenyimwa usingizi hafanani na mtu aliyechoka. Anafanana na mtoto aliyepitiliza muda wa kulala, anayelia na kurukaruka.

Inasaidia kujua anachokiona. Border koli wa leo karibu wote wana damu ya dume mmoja aitwaye Old Hemp, aliyezaliwa 1893 huko Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland, na aliyesifika kwa kuwaendesha kondoo kimyakimya kwa kuwakazia macho. Wafugaji walichagua mbwa wa namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Walichopata ni uwindaji uliokatwa kabla ya mwisho: kukodolea, kunyatia, kuzunguka, kukimbiza. Kung'ata kulipunguzwa, hakukufutwa. Na kinachofungulia mfululizo huo wote ni mwendo. Mtoto anayekimbia, pikipiki, duara la tochi, mbuzi, kwake vyote ni kitu kinachotoroka kundini. Ndiyo maana kumpiga hakusaidii: akipigwa anajifunza kukuogopa wewe, na visigino vinaendelea kumvutia ukigeuka.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza ni za kushusha mori. Chagua sehemu ya kulala ambako haoni geti wala uwanja: stoo yenye hewa, au kona ya baraza iliyozibwa. Geti la nondo lizibwe kwa mabati au shedineti nene kuanzia chini hadi mita moja na nusu, na ile sehemu ya wavu anayokimbilia vilevile. Hii peke yake inapunguza fujo sana, kwa sababu kila bodaboda inayopita na "kutoroka" inamwambia kwamba amefanya kazi na ameshinda. Hakuna tuzo tamu kuliko hiyo, na wewe huwezi kushindana nayo kwa kipande cha ini.

Siku yake iende hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, matembezi ya dakika 30 kwa kamba ndefu, polepole, akiongoza yeye kwa pua. Kunusa kunamtuliza kuliko mbio. Chakula cha asubuhi usikiweke bakulini. Kitawanye kwenye nyasi, au kikunje ndani ya gunia safi, akitafute kwa dakika kumi. Kuanzia saa mbili hadi saa sita yuko sehemu yake ya kulala, na mlango umefungwa. Saa sita mazoezi ya dakika tano, choo, maji, arudi kulala mpaka saa kumi. Jioni dakika 20 za mafunzo na mchezo, kisha awe na familia barazani akiwa kwenye mkeka wake. Usiku alale ndani au stoo. Siku tatu nne za kwanza atalalamika mlangoni. Mpe mfupa mbichi mkubwa wa goti la ng'ombe (uliopikwa hapana, unapasuka vipande vikali), na usimfungulie anapobweka. Subiri anyamaze hata kwa sekunde tano, ndipo ufungue.

Mkeka ndio moyo wa jambo lenyewe, hapa usiharakishe. Tafuta kipande cha mkeka au blanketi la zamani, sentimita 60 kwa 90, kisichotumika kwa kitu kingine. Kata maini ya kuku yaliyochemshwa vipande 20 vya ukubwa wa punje ya harage. Weka mkeka chini, simama kando, kaa kimya. Mguu wake ukigusa mkeka sema "Safi!" mara moja, kisha weka kipande juu ya mkeka, katikati ya miguu yake ya mbele. Kisitoke mkononi mwako, kwa sababu mbwa anayelishwa kwa mkono anakodolea mkono. Anayelishwa chini anateremsha kichwa, na kichwa kikishuka kiwiko kinafuata, na kiwiko kikifuata amelala. Huna haja ya kumkandamiza mgongo. Akishalala, ngoja atupe nyonga upande mmoja badala ya kukaa kama aliye tayari kuchomoka. Hapo weka vipande vitatu mfululizo, kimoja kimoja, taratibu. Halafu sema "Basi," ondoa mkeka, mchezo umekwisha. Dakika tatu zinatosha, mara tatu kwa siku.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni kuongeza muda na vishawishi kwa pamoja. Wiki ya kwanza ongeza muda tu: sekunde 5, 10, 20, dakika moja, mbili. Ya pili rudi kwenye sekunde 10, lakini wewe sasa unatembea hatua mbili na kurudi. Ya tatu mtoto mmoja anapita kwa mwendo wa kawaida, mita sita kutoka mkekani. Mtoto kukimbia ni mwisho kabisa, pengine mwezi wa pili. Kanuni ni hii: akifaulu mara nane katika kumi, panda ngazi; akishindwa mara tatu, shuka.

Maini hayo na dagaa wa mazoezi yatolewe kwenye chakula chake cha siku, karibu theluthi moja, la sivyo ndani ya miezi miwili utakuwa na mbwa wa kilo 22 mwenye adabu. Na nyumba nzima itumie maneno yaleyale. Jeki alilelewa kwa lugha nyingine, hivyo "Njoo," "Mkekani," "Acha" na "Basi" kwake ni sauti mpya. Dada wa kazi akisema "Ondoka," baba akisema "Toka," na watoto wakisema "Jeki wewe!", hatajua kama ni amri moja au tatu. Andika maneno manne, bandika mlango wa jikoni.

Kwa watoto, mwezi huu wasikimbie uani wakati mbwa yuko huru. Siyo adhabu, ni ratiba: wakati wao wa kucheza ndio wakati wake wa kulala. Wanapokuwa naye pamoja, mvishe mkanda wa kifuani wenye kamba nyepesi ya mita mbili inayoburuta, isiyo na kitanzi mwishoni ili isinase kwenye kitu, na mtu mzima awepo. Wafundishe kusimama kama mti: akianza kuinama na kuwazunguka, wasimame, mikono kifuani, wakae kimya. Hakuna mwendo, hakuna kondoo. Wewe shika kamba, mpeleke mkekani bila maneno mengi. Wapeni pia mchezo wao wa pamoja: mtoto anaficha dagaa watano wakavu chini ya ndoo na mawe, Jeki anatafuta. Mbwa anayezoea kutumia pua yake karibu na watoto anaanza kuwatazama kwa namna nyingine. Watoto wa jirani wakija kucheza kombolela, usijaribu kuwafundisha wote, mbwa akalale.

Bodaboda zinahitaji umbali. Nunua kamba ya manila ya mita 10, unene wa kidole kidogo, uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Ikifungwa shingoni na mbwa akachomoka kwa kasi, shingo itaumia. Vaa glavu, kamba hiyo huunguza viganja. Simameni mahali penye barabara kwa mbali, mita 40 au 50, palipo na nafasi ya kurudi nyuma. Pikipiki ikitokea, mara tu anapoitazama sema "Safi!" kabla hajainama. Akigeuka kuchukua ini, umbali unafaa. Asipogeuka, mko karibu mno: rudini nyuma mita kumi, usimvute kwa hasira. Baada ya siku kadhaa utaona jambo zuri: anasikia injini, anaitazama, kisha anakugeukia mwenyewe kabla hujasema neno. Hapo sogea mita tano. Dakika kumi kwa siku zinatosha, pikipiki sita au saba, kisha mnaondoka kabla hajachoka. Kwa wengi kazi hii inachukua miezi mitatu, na kando ya barabara huyu mbwa hataachwa bila kamba maisha yake yote. Hilo likubali mapema.

Tochi ikome leo. Usiwaze kwamba ni mchezo wa bure wakati wa giza. Mbwa wa kuchunga wakishazoea kufukuza mwanga usioshikika, wengine huhamia kwenye vivuli, kung'aa kwa saa ya mkononi, jua kwenye sufuria, na hawawezi tena kuacha. Jeki kukodolea ukuta baada ya mwanga kuzimwa ni dalili ya mwanzo. Umeme ukikatika tumia taa inayosimama mezani, watoto wasicheze na taa ya simu, na akianza kukodolea mwite kwa sauti ya kawaida ukamtawanyie dagaa sakafuni. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani hali hiyo ikikomaa hutibiwa kwa dawa pamoja na mafunzo.

Ushauri wa mnyororo unatolewa kwa nia njema na watu wengi. Kwa mbwa wa ulinzi wa kawaida ni mateso ya kimyakimya. Kwa border koli ni kiwanda cha mori. Kutwa anaona vitu vinapita na hawezi kuvifikia, usiku anafunguliwa na kuzunguka uzio mpaka alfajiri. Utapata mbwa anayebweka zaidi, anayeng'ata zaidi, na mwenye kidonda shingoni.

Na mbuzi wako wanne: sasa hivi hapana. Silika bila breki ni fujo tu, kama jirani alivyoona. Mbuzi wakikimbizwa huvunjika miguu, wenye mimba huweza kuitoa, na beberu au jike mwenye watoto anaweza kumgeukia mbwa kwa pembe, naye akajifunza kung'ata kwa kujihami. Kwa jirani, zibeni chini ya wavu kwa mawe au tofali pale alipotokea, maana anayetoroka mara moja hurudi palepale.

Ukifika mwezi wa nne, na Jeki akilala papo hapo kwa neno moja akiwa mita 10 mbele yako, na akirudi kwa "Njoo" hata kuna kuku mbele yake, unaweza kuanza. Weka mbuzi wawili waliotulia kwenye boma la mita 15 kwa 15, wasio na mimba wala watoto. Mbwa awe kwenye kamba ndefu, wewe usimame kati yake na mbuzi. Mruhusu azunguke nusu duara upande mmoja, umlaze, umpe pumzi tatu, kisha nusu duara upande wa pili, umlaze. Akivunja duara na kuingia katikati, kanyaga kamba, mtoe nje bila kelele, mjaribu tena kesho. Dakika tano, halafu "Basi," na mtoke bomani pamoja. Asiachwe humo peke yake hata kidogo, hata siku akiwa hodari. Kama mbuzi wanahema midomo wazi au wamejibana kwenye kona, zoezi la siku hiyo limeshapitiliza.